Gauni la Bahasha Lina Mwenyewe

Sehemu ya sita

Wiki iliyopita niliwaacha nimekaa chini, mgongo ukutani, miguu nimeinyoosha katikati ya vipande vya vitambaa, simu mkononi. Kwenye simu kulikuwa na maandishi mekundu: ukurasa huu umefungwa kwa kosa la kuiba ubunifu wa mtu mwingine.

Kuiba! Mimi!

Wewe unayeanza kusoma leo, karibu, vuta kiti, matatizo yangu yanatutosha wote. Mimi ni fundi cherehani. Nilibuni gauni, nikalipiga picha, nikaliweka kwenye ukurasa wangu mtandaoni. Likapendwa. Duka moja kubwa la mtandaoni likalichukua lilivyo na kuanza kuliuza kama lake. Nilipopiga kelele, wenye duka wakawahi kwa wasimamizi wa mtandao kusema mwizi ni mimi. Akaaminiwa nani? Si mimi.

Jina la duka hilo wakili wangu amenikataza kulitaja gazetini, kwa hiyo tuendelee kuliita Kunguru.

Na nyie mnaoniandikia, "Dada, gauni tu hilo, si ushone jingine?" Hebu nisikilizeni.

Mama yangu anaishi peke yake tangu baba afariki, na bega lake la kulia halipandi. Siku moja nilimkuta ametoka kumtazama mgonjwa, jua linawaka, naye amevaa sweta zito. Nikamwambia avue, atazimia. Akakataa. Nilipomvua kwa nguvu nikakuta zipu ya gauni imeishia kiunoni, mgongo wote uko wazi.

"Ningemwita nani anifungie?" akaniuliza.

Nikaenda kukata gauni. Halina zipu wala kifungo. Mgongoni lina mabawa mawili yanayokunjwa moja juu ya jingine kama bahasha, kamba zake zinazunguka mpaka mbele, mtu anajifungia mwenyewe huku anajiangalia kwenye kioo. Wanawake wanaoishi peke yao walipoliona, wengine walinipigia simu wakilia. Tukaliita Bahasha.

Sasa nishone jingine lipi?

Haya. Asubuhi iliyofuata Wakili alifika. Huyu ni mteja wangu, suti zake zote nimeshona mimi, kwa hiyo hata akinigombeza hunigombeza akiwa amependeza.

"Fundi, nimesoma kila kitu usiku kucha. Kaa chini."

"Niko chini tangu jana."

"Gauni halina mwenyewe."

"Unasemaje wewe?"

"Nasema kisheria. Ukiandika hadithi, ni yako. Ukichora picha, ni yako. Ukipiga video, ni yako wewe uliyeshika kamera. Lakini mkato wa nguo, kama hukuusajili kabla ya kuuonyesha watu, kila mwenye mkasi anaweza kuukata. Wewe uliusajili?"

"Tangu lini watu wanasajili magauni?"

"Kunguru wanasajili hata soksi."

Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma. Kwa hiyo mtu akiiba picha ya gauni langu ni mwizi, akiiba gauni lenyewe ni mfanyabiashara. Nani alikaa akatunga mambo haya, na alikuwa amevaa nini siku hiyo?

"Tusipoteze muda," akasema Wakili. "Una mchoro? Mchoro wowote wa Bahasha, hata kwenye karatasi ya kufungia vitafunio."

Hapo akanipata. Mimi sichori. Aliyenifundisha kazi alikuwa akisema anayechora anaogopa kitambaa. Mimi natandaza kitambaa mwilini mwa mtu, nabana pini, nakata. Akitoka hapo, gauni limeshazaliwa. Mchoro wa nini tena?

"Hakuna hata mmoja?"

"Upo," ikasema sauti nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia.

Pazia likafunguka, akatoka wifi yangu, dada wa mume wangu, amebanwa pini kuanzia kwapani hadi magotini. Huyu ndiye ninayemkatia nguo zangu zote mwilini. Akichoka kusimama, anakaa pembeni na kile kikompyuta chake bapa, anachora kwa kalamu ya plastiki juu ya kioo. Bahasha aliichora siku ileile nilipoikata, akaipaka rangi, na mchoro wake ndio uliotangulia kuwekwa kwenye ukurasa.

Wakili alimwangalia kama mtu aliyeokota pete.

"Umechora wewe mwenyewe?"

"Kwa mkono huu wa kushoto."

"Basi mlalamikaji ni wewe."

"Yeye?" nikasema.

"Yeye."

"Huyu? Huyu hajui hata kutunga uzi kwenye sindano!"

"Najua," akasema wifi. "Ila hizi sindano zako zina matundu ya uchoyo."

Wakili hakucheka. "Fundi, sheria haijui sindano, inajua mchoro. Kesho kuna kikao kwa njia ya video. Msuluhishi wa mtandao atatusikiliza sisi na Kunguru. Akiridhika, ukurasa utafunguliwa. Asiporidhika, unafutwa, na hutaruhusiwa kufungua mwingine maisha yako yote."

Wateja wangu wote wanatoka kwenye ule ukurasa. Nikiukosa, nitarudi kupunguza suruali za watu hadi macho yaishe.

"Na mimi kwenye kikao nitasema nini?"

"Wewe hutasema kitu. Wewe ni fundi uliyeshona alichobuni mwenzako."

Jamani, niliumia. Siwezi kuwadanganya. Gauni limetoka mgongoni kwa mama yangu, nimelilalia na kuliamkia, halafu nikae pembeni niitwe mshonaji wa kazi ya mtu. Na wa kuniambia hivyo ni wakili wangu mwenyewe, si adui.

Wifi akanishika mkono. "Wifi, ni kwa ajili ya kikao tu. Kikiisha nakurudishia gauni lako, na mimi nikiwa ndani yake."

"Nyamaza, usije ukanichoma pini."

Wakati huo akaingia mume wangu, Baba Pacha, kofia ya pikipiki mkononi. Yeye ndiye anayepeleka nguo kwa wateja. Niwaambie kitu kuhusu mume wangu: ana moyo mweupe kama pamba. Anaamini watu. Anaamini hata matangazo ya dawa ya kuotesha nywele, na kipara chake ni shahidi.

Tulipomweleza, akatikisa kichwa.

"Mama Pacha, usilie. Hawa watu wangekuona unavyokata, hata mara moja tu, haya maneno yote yangekwisha."

"Hakuna atakayeniona nikikata. Nimeambiwa nikae kama mwanasesere wa dirishani."

"Basi mimi nitashika taa," akasema. "Mwonekane vizuri."

Kesho yake tulisogeza kila kitu. Kompyuta tuliiweka kwenye meza ya kukatia, wifi akakaa mbele yake, mimi ubavuni. Wakili alisimama upande wangu wa pili. Baba Pacha alikuwa pembeni, nyuma ya meza ya kupigia pasi, taa imefungwa kwenye mpini wa fagio.

"Fundi," Wakili akaninong'oneza, "mdomo wako leo uushone. Kwa uzi mara mbili."

Kwenye kioo wakatokea watu wawili. Mmoja alikuwa msuluhishi, mama wa makamo mwenye miwani na sauti ya upole. Mwingine alikuwa mtu wa Kunguru. Huyo nilimpa jina palepale: Bwana Kola. Kola ya shati lake ilikuwa imepinda upande mmoja, kazi ya mtu aliyeshona akiwaza kwenda nyumbani. Nilishindwa kuitazama, na nikashindwa kuacha.

"Kikao hiki hakirekodiwi," akaanza msuluhishi. "Upande utakaorekodi utakuwa umejipotezea haki yake mbele yangu. Tumeelewana?"

Wote tukasema tumeelewana.

Msuluhishi akauliza, "Nani alichora picha hii?"

"Mimi," akasema wifi. Akaufungua mchoro, akaonyesha mstari wa kwanza, wa pili, mpaka rangi za mwisho. Alieleza vizuri, hata mimi nikaanza kuamini kwamba gauni ni lake, na hilo likaniudhi zaidi.

Bwana Kola akatabasamu.

"Mheshimiwa, mchoro ni mzuri sana, nampongeza binti. Lakini sisi hatukuutumia. Gauni letu lilichorwa na kompyuta."

"Kompyuta iliona wapi gauni la namna hii?" akauliza msuluhishi.

"Kompyuta inaona kila kitu kilichopo mtandaoni, mheshimiwa. Haiibi. Inajifunza."

Nikakohoa. Wakili akanikanyaga.

"Tena niseme ukweli," akaendelea Bwana Kola, "gauni lenyewe lina kasoro. Wateja wetu wanalirudisha. Mtu akikaa tu, mgongo unafunguka. Tunashangaa kuona watu wanaligombania, maana aliyelibuni, yeyote yule, hakuwa anajua kitambaa."

Wakili akanikanyaga tena, safari hii kwa kisigino. Haikusaidia kitu.

"Linafunguka kwa sababu mmeiba sura mkaacha akili!"

Msuluhishi akainamia kamera yake. "Nani huyo?"

"Ni fundi, mheshimiwa," Wakili akawahi kujibu. "Fundi tu."

Fundi tu! Sawa, mchoro si wangu nimekubali, gauni si langu nimemeza, sasa hata jina limekuwa "tu"?

"Kama ni fundi, basi atuonyeshe," akasema Bwana Kola, taratibu, kama anamsogezea mgeni kiti. "Huenda sisi ndio tunakosea."

Mafundi wenzangu, mnaujua ugonjwa wetu. Mtukane fundi, atakusamehe. Mcheleweshee kazi yake, atanung'unika. Lakini mwambie hajui, hakujibu kwa mdomo, anatafuta mkasi.

Nilivuta shuka la maua lililokuwa juu ya meza ya kupigia pasi. Wakili akanishika mkono, nikauchomoa.

"Fundi, usi..."

"Simama, wifi."

Wifi alisimama. Nikamtupia shuka begani.

"Nyinyi," nikaiambia kompyuta, "mnakata mabawa peke yake, halafu mnayashonea mgongoni. Ndiyo maana mtu akikaa yanaachia. Mimi bawa na bega ni kitambaa kimoja. Tazama. Nakunja kona kwa kona. Mkasi unaanzia hapa chini ya shingo, unakwenda mshazari, unazunguka kwapa bila kuligusa. Kitambaa kilichokatwa hivi, ukikivuta hakifunguki, kinarefuka, kinakukumbatia. Umeona?"

Nilisahau kikao, nikamsahau Wakili na kisigino chake. Kwa mara ya kwanza tangu balaa hili lianze, mikono yangu ilikuwa inafanya kitu inachokijua, na nilikuwa na furaha. Pini, mkasi, pini, kunja, funga kamba.

"Kaa," nikamwambia wifi.

Akakaa.

"Inama kama unatafuta sindano."

Akainama. Akachuchumaa. Mwishowe, maana wifi hana breki, akaruka juu mara kadhaa huku akipunga mikono. Mgongo haukufunguka hata kidogo.

Msuluhishi alikuwa amevua miwani.

"Na kwa mtu mnene?" akauliza. "Mnene kama mimi, kwa mfano?"

"Mama, kwa mnene ndiyo linakaa vizuri zaidi."

Akajikohoza, akarudisha miwani na cheo chake. Akasema ameridhika kwamba ubunifu ulianzia katika chumba kile, kwamba ukurasa wangu utafunguliwa, na kwamba suala la Kunguru kuondoa magauni yao atalitolea uamuzi baadaye. Bwana Kola hakubisha. Alishukuru, akatuaga, akatoweka.

Nilipiga kigelegele cherehani zikatikisika. Wifi akanirukia shingoni, pini zikanichoma, sikujali. Wakili peke yake ndiye aliyekuwa amenuna.

"Umewafundisha, Fundi."

"Nimewashinda!"

"Walikuwa na gauni linalofunguka. Sasa umewaambia kwa nini."

"Wameona mara moja tu. Huwezi kuushika mkato ule kwa kuutazama mara moja. Muulize wifi, ameuona mwaka mzima."

"Kweli, mimi bado sijui," akasema wifi.

Wakili akafikiri, akalegea kidogo. "Angalau kikao hakikurekodiwa. Kama hawana video, hawana kitu."

Baba Pacha alikuwa bado amesimama na fagio lake lenye taa, machozi yanamlengalenga. Akaja akanikumbatia, ananukia petroli.

"Mama Pacha, nimeishi na wewe miaka yote hii, sikuwahi kukutazama ukikata mwanzo hadi mwisho. Watu lazima wajue."

"Watajua, Baba Pacha. Ukurasa unafunguliwa."

Siku ile nilikula, nikalala kama mtoto.

Ukurasa ulifunguliwa kesho yake. Wateja walikuwa wamenisubiri, ujumbe ukamiminika hadi simu ikapata moto. Hongera fundi, pole fundi, nataka la bluu, nataka la shangazi yangu. Wifi alikuwa anawajibu huku anaimba.

Ghafla akaacha kuimba.

"Wifi, huyu anasema, hongera kwa kuungana na Kunguru."

"Nani ameungana na Kunguru?"

"Sisi."

Alifungua kile alichotumiwa na mteja. Ilikuwa video, kwenye ukurasa wa Kunguru. Maandishi yalikuwa makubwa: Bahasha Mpya, sasa haifunguki, agiza leo. Chini yake, mikono ya mtu inakunja shuka la maua kona kwa kona.

Mikono yangu. Sauti yangu ikisema mkasi unaanzia hapa chini ya shingo.

Video yote, mwanzo hadi mwisho. Mtu angeweza kuisimamisha, akairudisha nyuma, akapima kila mkato kwa rula. Mafundi wa Kunguru walikuwa wanafanya hivyo wakati ule ule, sina shaka.

"Wamerekodi kikao!" wifi akapiga kelele. "Wamevunja amri! Mpigie Wakili, tunawamaliza!"

Nilimpigia Wakili kwa hasira, na kwa furaha kidogo pia, nisiwafiche. Wamejikaanga wenyewe, nikawaza. Wakili alisikiliza, akaomba atumiwe video. Alipopiga tena, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Fundi, kompyuta ilikuwa mbele yako, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Hii video imepigwa kutoka ubavuni."

Nikaitazama upya. Kweli. Naonekana kwa upande, na mbele yangu kompyuta yenyewe inaonekana mezani. Wifi yumo, anaruka. Wakili naye yumo, amejifunika uso kwa mkono.

"Hii imepigwa na mtu wa chumba chetu," akasema Wakili. "Hatuwezi kuilalamikia. Msuluhishi akijua upande uliorekodi ni sisi, ukurasa wako unafungwa tena kabla hujakata simu."

Wifi alikuwa ameegemea bega langu, anasikiliza.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. Halafu akaziba mdomo. Alikuwa amekumbuka nani alisimama nyuma ya meza ya pasi, na huyo ni mtoto wa mama yake.

Pikipiki ikazima nje.

Baba Pacha akaingia anang'aa. Amenyoa ndevu. Amevaa lile shati jeupe nililomshonea siku ya ubatizo wa pacha.

"Mmeiona?" akauliza. "Si mmeiona? Watu hawaamini macho yao!"

Nilisimama. Sikutambua sauti yangu mwenyewe. "Ni wewe?"

"Ni mimi nini?"

"Ni wewe uliyerekodi kikao?"

"Sikurekodi kikao!" Alionekana ameumia kweli. "Kikao kilikuwa kwenye kompyuta. Mimi nilimrekodi mke wangu."

Wifi akakaa juu ya kitita cha vitambaa, akajishika kichwa.

"Mkono mmoja nimeshika taa, mmoja simu," akaendelea. "Nikaiweka kwenye ukurasa wangu jioni ile ile. Mama Pacha, nilikuwa nimechoka kukuona unalia. Kila mtu anasema amechora huyu, amechora kompyuta, wewe unaambiwa ukae kimya. Nikasema hapana, leo watu watamwona aliyelibuni gauni."

Sasa niambieni, mtu wa namna hii unampiga au unamkumbatia? Nilitaka vyote viwili, na nilianza kutafuta kitu cha kumrushia.

"Kunguru wameipata wapi?"

"Wameniandikia. Kwa adabu kabisa! Wamesema wamekubali yaishe, mke wako ndiye bingwa, tunaomba ruhusa tuionyeshe video yako ili dunia ijue gauni ni lake. Nikaona haya sasa, watu wamestaarabika. Nikawaambia chukueni."

"Uliwaandikia hivyo? Chukueni?"

"Chukueni kwa moyo mweupe. Ndivyo nilivyoandika."

Simu ilikuwa bado iko hewani. Nikamsikia Wakili akisema, "Mungu wangu," polepole.

Nilimwekea Baba Pacha video mbele ya uso. "Nionyeshe jina langu."

Akatazama. Akatazama hadi mwisho. Akairudisha mwanzo, akaisogeza karibu na macho. Nilimwona anavyozidi kukunja uso, na moyo ukaniuma, kwa sababu alikuwa analitafuta kweli.

"Waliahidi," akasema.

"Liko wapi?"

"Labda wataliandika baadaye. Labda kwenye ile karatasi."

"Karatasi gani?" tukauliza wote watatu, Wakili kwenye simu.

"Ya makubaliano. Leo wanakuja nisaini. Wamesema video ni mali yangu, kwa hiyo na maelezo yote yaliyomo ni juu yangu kuyatoa."

Wakili alipiga kelele mpaka wifi akaruka. "Fundi! Nisikilize! Alichoandika kwenye simu tunaweza kukipigania. Tutasema alidanganywa, alipitiwa, lolote. Lakini akiweka saini, mkato wa Bahasha ni wao, na hata wewe ukiukata watakushtaki. Hata gauni la mama yako. Asisaini! Umenisikia? Natoka ofisini sasa hivi, asisaini kitu!"

"Umesikia?" nikamwambia mume wangu.

"Nimesikia."

"Basi vua hilo shati, uwapigie useme wasije."

Aliniangalia, akamwangalia dada yake, akaangalia sakafu iliyojaa nyuzi.

"Baba Pacha!"

"Nimeshawaambia ndiyo, mke wangu," akasema kwa upole. "Niliwaapia. Kwa majina ya watoto wetu niliwaapia."

Nje mlango wa gari ukafungwa. Zikasikika hatua za watu zaidi ya mmoja, halafu sauti ya Bwana Kola, ile ya kumsogezea mgeni kiti, ikapiga hodi.

Wifi aliuwahi mlango, akauegemea kwa mgongo. Mimi niliuchukua mkasi, sijui hata wa nini.

Mume wangu akaanza kuchomekea shati.